Wa Tangi na wa Mto

Anayetaka kujua tofauti kati ya mtoto wa samoni aliyefugwa na yule aliyezaliwa mtoni asiende kuwatazama sokoni wakiwa wamelazwa kwenye barafu. Pale wote ni fedha tupu, wote wamekodoa macho, na muuzaji atakudanganya akitaka. Awatazame wakiuawa. Mimi nimewatazama. Nimewaua pia, kwa mkono huu huu ninaoandikia, kwa hiyo nikisema jambo kuhusu samoni wa Stockholm sihitaji kibali cha mtu.

Shule niliiacha darasa la sita, kwetu kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, siku mwalimu aliponizaba kofi nami nikamrudishia. Nilipofika Sweden, wenzangu wenye vyeti walikaa wakingoja vyeti vyao vikubaliwe. Mimi nikaingia chumba cha nyuma cha duka la samaki, katikati ya mji, nikapewa kisu na aproni ya mpira. Nilikata vichwa, nikapasua matumbo, nikachomoa miiba, maji baridi yakinimwagikia mpaka vidole vikawa vinene kama mihogo na kucha zikaanza kung'oka. Niliowakuta pale waliacha kazi mmoja mmoja. Sikuacha. Leo nina lori langu la matangi, limeandikwa jina langu mlangoni kwa rangi ya buluu, linalala kwenye yadi yangu Upplands Väsby ingawa mimi naishi Norsborg, mwisho kabisa wa njia nyekundu ya treni za mjini. Hakuna aliyenishika mkono. Wapo wanaosimulia kwamba walinishika. Wacha wasimulie.

Kazi ya lori hilo ni kubeba samaki walio hai. Waswidi walijenga mabwawa ya umeme kwenye mito yao, samoni wakakosa njia ya kupanda kwenda kutaga, na sasa kila mwaka wanalipia jambo hilo. Kuna vituo huko kaskazini ambako mayai yanakamuliwa, yanaanguliwa, na watoto wanalelewa kwenye matangi ya saruji mpaka wafike urefu wa kiganja na kuanza kung'aa, tayari kwenda baharini. Theluji ikishayeyuka mimi nawapakia, nafungua mitungi ya oksijeni, nawaleta Stockholm na kuwamwaga kwenye mkondo ule unaopita katikati ya mji, mbele ya kasri, watalii wakipiga picha. Njia nzima nasikia maji yakigugumia nyuma ya shingo yangu. Dereva mzembe anafika na supu. Mimi sijawahi kufika na supu.

Nitakuambia walivyo. Wa tangi ni mnene. Pua yake imekuwa butu kwa kusuguana na saruji, mkia umekuwa mviringo kama ufagio uliochakaa, na pezi la mgongoni limeliwa. Limeliwa na nani? Na ndugu zake. Ndani ya tangi hakuna pa kwenda, chakula kinaanguka kutoka juu, anayechelewa anang'atwa, basi wanatafunana mapezi mchana kutwa mpaka wengine wanabaki na kisiki cheupe mgongoni. Juu ya hayo, kituoni wanamkata kapezi kale kadogo karibu na mkia, ili mvuvi akimkamata baadaye ajue huyu ni wa kufugwa. Wa mto ni mwembamba. Mapezi yake ni makali kama wembe, na ubavuni, chini ya ile fedha, bado unaona madoa meusi kama mtu amemshika kwa vidole vya masizi. Naye ni katili, usidhani ni malaika. Mtoni kila mmoja ana jiwe lake, na mwingine akisogea kwenye jiwe hilo anang'atwa jicho. Lakini wa mto anapigana akijua anapigania nini, na akimaliza anarudi chini ya jiwe. Wa tangi anapigana kwa sababu kuna mtu karibu.

Kanisani kwetu, tunakosali pamoja Wakenya, Warundi na Wakongo wachache, mzee mmoja wa kanisa alinisikia nikieleza haya akataka kuyageuza mahubiri: eti wa tangi ndio watoto wetu waliozaliwa huku, wa mto ndio sisi. Nilimwambia aachane na samaki wangu. Watoto wangu hawajaliwa mapezi na mtu yeyote. Hapa nasema samaki.

Mwaka ninaousimulia, ofisi inayosimamia kazi hii ilichoka kusikia wavuvi wakilalamika kwamba wa tangi wakishamwagwa wanaliwa wote na hawarudi. Ikaamua kulinganisha. Watoto wa tangi na watoto wa mto, umri mmoja, maji mamoja, maadui wale wale. Wa tangi wakishindwa vibaya, umwagaji ungesimamishwa, na nguvu zote zingeenda kufungua mito ili samaki wapande wenyewe. Samaki anayepanda mwenyewe hahitaji lori. Nilielewa hilo bila kusomewa. Lori lililotoka kwenye vidole vyangu lingekaa yadini likiota kutu, nami ningerudi kwenye aproni ya mpira, chini ya mtu. Wao walikuwa wanalinganisha. Mimi nilikuwa vitani, na askari wangu walikuwa samaki wenye pua butu.

Ofisi ilimtuma mtafiti, mama wa Kiswidi mwenye mvi fupi na maneno machache, na mimi nikakodiwa kuwabeba samaki wa pande zote mbili na kuwalisha. Dereva wangu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Mrundi wa Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika, anayeishi Alby. Bwana huyo nilimpa kazi mimi, nikamfundisha lori mimi, na bado alikuwa na ulimi wa kunichokoza kuanzia asubuhi. Alikuwa ameshapata nafasi ya kuendesha basi, anamalizia msimu tu kwangu. Ndiyo maana alicheka bila hofu.

Jaribio la kwanza lilifanyika ndani ya banda la mbao kando ya ghuba ndogo, upande wa visiwa. Kulikuwa na tangi refu la kioo, mawe chini, na kizuizi katikati. Upande mmoja mtafiti aliweka gädda, samaki muuaji wa maji ya huku, mrefu kama mguu wa mtu, mdomo umechongoka kama wa bata lakini umejaa sindano. Upande wa pili akatangulia kuweka watoto wa mto. Akainua kizuizi.

Hukuona kitu. Wale watoto walizama kwenye mawe kana kwamba wamefutwa. Gädda akapita juu yao, akageuka, akapita tena, akamnyakua mmoja aliyechelewa kupata shimo, basi. Wakatolewa. Wakaingizwa wangu.

Wangu walipanda juu. Waliona kivuli kirefu kinakuja, na tangu waanguliwe kivuli kimekuwa mkono wa mtu unaomwaga chakula. Wakaenda kukilaki. Nadhani gädda mwenyewe alishangaa, maana alitulia kwanza akiwatazama. Halafu akajikunja, akachomoka. Kioo kililia, pa, na mmoja akawa amekatika katikati, kichwa kinashuka chini na mashavu bado yanapumua. Wenzake waliona damu wakaifuata, wakaanza kumla. Pa. Pa. Maji yakageuka waridi.

"Shemeji," yule bwana akaninong'oneza, "watoto wako wana adabu. Wanakwenda kumwamkia mtu mwenye panga."

"Nyamaza."

"Tazama yule mnene. Amefika mdomoni kabisa. Hodi, mzee! Hodi humu ndani!"

"Nimesema nyamaza, wewe."

"Nimenyamaza. Nasikitikia lori tu. Utafugia kuku ndani yake?"

Nilimshika kola nikampigiza ukutani mpaka nyavu zilizotundikwa zikatuangukia. Akanipiga kichwa cha pua. Damu ikanijaa mdomoni, nikamkandika ngumi ya ubavu, tukaanguka juu ya ndoo za chakula, tukawa tunagaagaa kwenye punje zilizomwagika, watu wazima wawili wenye vitambi. Kilichotutenganisha ni maji. Mtafiti alikuwa ametufungulia bomba la kuoshea sakafu, linatupiga usoni kwa nguvu zake zote, na yeye uso wake hata haukukunjamana.

"Mkitaka kuuana tokeni nje," alisema kwa Kiswidi. "Mnapiga kelele. Samaki wanasikia."

Jioni mke wangu aliitazama pua yangu, akautazama ubavu wa kaka yake, akampakulia kaka yake kwanza. Sikulalamika. Nilikuwa bado natafuna yale maneno ya mtafiti.

Kwetu ziwani kuna uvuvi wa kupiga maji. Wavu unatandazwa kwa kuzunguka, halafu wanaume wanapiga maji kwa makasia na kupiga kelele, samaki anakimbia kishindo, anaingia wavuni. Lakini samaki aliyeponyoka siku hiyo huwezi kumpata tena kwa njia hiyo. Akihisi kivuli cha mtumbwi tu, ameshazama. Kule Tanganyika wanafanya vivyo hivyo, shemeji yangu mwenyewe amekulia hapo. Basi nikajisemea, kama wa tangi amefundishwa kwamba kivuli ni chakula, mimi nitamfundisha kwamba kivuli ni kipigo. Kulikuwa na siku za kupumzika kabla ya jaribio la mwisho, lile la kuwafungulia ghubani wakutane na ndege. Zilinitosha.

"Nataka kuwapiga," nilimwambia mtafiti asubuhi.

"Kuwapiga nani?"

"Samaki. Yaani maji yao. Kila wakiona kivuli juu, wapate kishindo. Siku ya ndege watazama wenyewe."

Alifikiri, mikono mifukoni. "Kuwapa mafunzo," akasema.

"Ita upendavyo. Mimi naita kuwapiga."

"Sawa. Lakini vizimba vyote viwili. Unachowafanyia hawa, wafanyie na wale, sawasawa. Bila hivyo sitakuwa nalinganisha kitu."

Nilikubali haraka. Wa mto wanajua kuogopa tayari, niliwaza, watapigwa bure. Wangu ndio watakaosoma.

Vizimba vilikuwa vya nyavu, vinaelea kila upande wa gati fupi la mbao, kimoja cha wa tangi, kimoja cha wa mto. Ndani hamkuwa na jiwe wala tawi, wavu mtupu. Nilianza na wangu. Nilisimama kwenye ukingo, nikainua kasia, kivuli chake kikalala juu ya maji, na mara wale wajinga wakaja juu wakifungua midomo. Nikapiga. Kasia bapa lilitua kama mlango unaobamizwa, maji yakaruka mpaka paji la uso wangu. Wengine walizimia wakaelea matumbo juu. Wengine walikufa papo hapo, macho yametoka damu. Waliobaki walizunguka kidogo wakarudi juu, wakadhani chakula kimechelewa tu. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka mabega yakawaka. Nilikuwa nawatukana kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, na kwa Kiswidi kile cha sokoni ambacho siwezi kukiandika hapa.

"Uwaue wote, shemeji," yule bwana alisema, amekaa kwenye ndoo anakunywa kahawa. "Akifa hawezi kuliwa na ndege. Ni akili hiyo."

"Endelea kuongea. Basi lako linakungoja."

Lakini walisoma! Hilo andika kwa herufi kubwa. Siku zilivyokwenda, kasia likiinuka tu, kundi zima linapasuka na kushuka, migongo inapotea, unabaki na maji meusi. Samaki waliolelewa na binadamu, wanaomkimbilia binadamu, niliwageuza kwa bega langu. Mtafiti alisimama akatazama akatikisa kichwa kwa kukubali, na Mswidi akitikisa kichwa hivyo ni sawa na Mrundi kukuchinjia mbuzi.

Kizimba cha pili nilikipiga vivyo hivyo, kwa haki, pigo kwa pigo. Wale wa mto hawakuhitaji hata kishindo. Kasia likiwa bado hewani walifyatuka kama cheche, kila mmoja njia yake, wakagonga wavu, wakarudi, wakagonga upande wa pili. Walitafuta mawe na mawe hayakuwepo. Nilifikiri wanacheza mchezo wao. Nilipiga, nikafuta jasho, nikaenda kula.

Aliyeona kwanza ni shemeji.

"Shemeji, haya maji yanang'aa."

"Jua hilo."

"Jua liko wapi? Kuna mawingu."

Kwenye uso wa maji palielea vitu vidogo vinavyometameta, vingi sana, kama vile vikaratasi wanavyorushiwa maharusi. Sikujali. Niliinua kasia. Yeye akachukua wavu wa mkono, akamchota mmoja, akaja naye mpaka puani kwangu. Ubavu mzima ulikuwa umetoka fedha yake, nyama imebaki tupu, nyekundu, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye lami.

"Mtazame. Umemchuna akiwa hai."

Hapa nieleze, maana mvuvi wa kwetu atanishangaa. Ngege, sato wetu wa ziwani, magamba yake unayatoa kwa kisu na jasho. Mpige, mburuze, mtupe ndani ya mtumbwi, bado amevaa shati lake. Samoni wa umri huu, anapojiandaa kwenda baharini, magamba yake hayajashika. Ukimgusa yanabaki mkononi. Miaka yote nilikuwa nawapitisha kwenye bomba la maji, kutoka tangi hadi mtoni, sijamshika hata mmoja kwa kidole. Wa tangi wamezoea msongamano, wakishtuka wanashuka pamoja katikati, hawagusi wavu. Wa mto akishtuka anakwenda peke yake, moja kwa moja, na kilichokuwa mbele yake ni kamba za nailoni.

Lakini wakati ule nilichosikia ni dereva wangu ananiamrisha.

"Toka hapo," nilimwambia. "Hiki kizimba bado hakijapata haki yake leo."

"Haki gani? Wanakufa hawa."

"Wakifa mimi nifanye nini? Wamesema sawasawa, napiga sawasawa."

"Ewe, unajua unachofanya. Unajua kabisa. Wakiisha hawa, umeshinda."

Sitadanganya, maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalinifundisha. Nilikuwa sijaliwaza hivyo mpaka aliposema. Nilipiga. Akalidaka kasia likiwa linashuka, nikamsukuma nalo kifuani, akavuta, nikampiga teke la goti, akanishika sikio kama anataka kuling'oa, na ubao wa ukingo ukalia chini yetu. Tulianguka pamoja. Si upande wa bahari. Tulianguka ndani ya kizimba cha wa mto.

Maji ya huku hata theluji ikiisha hayajui huruma. Yalinibana kifua kama chuma. Nilimshika shingo nikamkandamiza chini, naye akanizungushia miguu kiunoni akanivuta nami chini, tukawa tunapigana gizani, tumenaswa kwenye wavu wa chini, na samaki wakitugonga nyuso, mashavuni, kwenye macho, kama mawe madogo yanayorushwa na watu wengi. Nilimeza maji yenye magamba. Niliuma kitu, sijui kama kilikuwa mkono wake au samaki. Nani alimwachia mwenzake kwanza? Yeye anasema ni mimi, kwa kuishiwa pumzi. Mimi nasema ni yeye.

Tulijivuta juu ya gati tukitapika. Nilipoinua kichwa nilimwona shemeji yangu anang'aa. Nyusi, ndevu, ndani ya masikio, kote alikuwa amevikwa fedha, na mdomo umepasuka unachirizika damu juu ya fedha ile. Alinitazama, akaninyooshea kidole, akataka kucheka, kicheko kikakataa. Nikajipangusa shavu. Mkono ulikuja umejaa.

Mtafiti alikuja mbio kutoka bandani. Hakutufungulia bomba safari hii. Alipiga magoti kwenye ukingo, akachota mmoja, akamgeuza, akachota mwingine. Kizimba kizima kilikuwa hivyo. Walikuwa wanakwenda upande, wengine wanazunguka kama wamelewa.

"Hatuwezi kuwaacha," alisema. "Wakichubuka hivi wanaota ukungu. Watakufa polepole."

"Ungeniambia habari ya magamba," nilimwambia, meno yakigongana.

"Ulisema utapiga maji. Sikujua kuna mtu anayeweza kupiga maji namna hii."

"Kwetu ndivyo tunavyopiga."

Tuliwaua sisi watatu, tumepiga magoti kwenye gati, nguo zetu zinavuja. Unamshika mgongoni, unamwingiza kidole gumba mdomoni, unakunja kichwa kwa nyuma mpaka usikie kijiti kinavunjika. Unamweka kando. Unachukua mwingine. Mtafiti alikuwa anafanya taratibu na anafumba macho kila mara. Shemeji alikuwa anafanya akisali kwa Kirundi, neno moja kwa kila samaki. Mimi niliua wengi kuliko wao wote wawili, kwa sababu mkono wangu ni wa haraka, na haraka ndiyo huruma pekee tuliyokuwa nayo ya kuwapa. Na nakwambia jambo moja. Wa mto, akiwa amechunwa, amepofuka jicho, amebakiza pumzi mbili, ukimwingiza kidole anakung'ata. Kila mmoja alining'ata. Kidole gumba kilikuwa kimechanikachanika kama nilikisugua kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Wa tangi niliowaua kwa kasia hakuna hata mmoja aliyenipinga.

Jaribio la mwisho lilifanyika na wangu peke yao, kwa sababu mtafiti alisema afadhali aone kitu kimoja kuliko asione chochote. Walifunguliwa ghubani asubuhi ya upepo. Shakwe walikuwepo tayari, wanapiga kelele juu ya paa la banda, na mnandi, wale ndege weusi wenye shingo kama nyoka, walikuwa wamejipanga kwenye miamba. Kundi likatoka kizimbani likitambaa karibu na uso wa maji, na nilisikia moyo wangu kwenye meno. Shakwe wa kwanza akajitupa. Kivuli kikagusa maji.

Wakazama.

Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga bao. Wakazama wote kama jiwe moja, na shakwe akaibuka mdomo mtupu. Akaja wa pili, akatoka mtupu. Halafu mnandi wakashuka majini, na mnandi hawaogelei juu, wanakufuata chini huko huko. Waliwafukuza mpaka kwenye maji mafupi, wakawazingira, wakawa wanatoka na samaki wamekaa upande midomoni, wanawarusha hewani wapate kuwameza kwa kichwa. Mmoja alimeza wengi mpaka akashindwa kuruka, akakaa ufukweni koo linatikisika, bado kuna anayepigana mle ndani. Waliliwa wengi. Waliookoka pia walikuwa wengi, zaidi kabisa ya wale wa tangi la kioo. Niliwaona mimi, shemeji aliwaona, mtafiti aliwaona.

"Kwa hiyo?" nilimwuliza. "Wamewazidi wa mto au hawajawazidi?"

"Wa mto gani?" alisema.

Ofisi haikuchukua muda kujibu. Watoto wa mto wanategwa mara moja tu kwa mwaka, wanaposhuka, na walioshuka mwaka ule walikuwa wameshapita. Ulinganisho haukuwepo. Na kama hakuna ulinganisho, hakuna sababu ya kusimamisha kitu. Wa tangi waendelee kumwagwa mtoni kama kawaida mpaka siku watakapopatikana wengine wa kupimana nao. Mtafiti alinieleza hayo kwenye mlango wa lori, akaongeza kwamba wa kituoni wawe wanapigwa maji kabla ya kusafirishwa, na kwamba mpigaji niwe mimi. Kuhusu wa mto, alisema nisikaribie kizimba chao tena maisha yangu yote.

Shemeji alikuwa kwenye kiti cha abiria, mdomo umeshonwa uzi mweusi.

"Hongera, shemeji," alisema kwa shida. "Umemshinda mpinzani wako. Umemuua."

"Nimeshinda," nilisema. "Niliyemuua alikuwa bora kuliko wangu, na nimeshinda. Yote mawili. Wewe hutaki yote mawili?"

"Mimi nataka kwenda kuendesha basi."

"Nenda. Lakini leo bado ni dereva wangu. Sogea huku ushike usukani, kidole hiki hakifungi ngumi."

Akasogea. Tulikwenda kaskazini, nikawapiga maji wale wa kituoni kwa siku chache, tukawapakia, tukarudi nao mpaka katikati ya mji, mvua ikinyesha, hakuna watalii. Nilichomeka bomba, nikaliteremsha kwenye mkondo, nikafungua koki. Walitoka kwa kishindo, wanene, mapezi yameliwa, fedha juu ya fedha, na shakwe wakaanza kuanguka kutoka kwenye nguzo za daraja kabla hata tangi halijafika nusu. Wengine walizama. Wengine walinyakuliwa mbele ya macho yangu. Nilisimama pale mpaka tone la mwisho, nikafunga koki, nikaliviringisha bomba, nikamwambia shemeji awashe lori, maana kituoni kulikuwa na matangi mengine yamejaa yakinisubiri.